Sahani ya Mwenzetu

Wapenzi vijana wa parokia zetu, tunaomba mtuvumilie tukianza na jambo la aibu, kwa maana aibu hiyo ni yetu sisi tunaoandika ukurasa huu.

Ilikuwa Jumamosi moja ya mwezi wa kumi, hapa Bukavu, baada ya mazoezi ya kwaya. Mvua ilikuwa imetuzuia katika ukumbi wa parokia. Mmoja wetu alitoa simu yake akatuonyesha video ya vijana wa Ulaya waliokuwa wakifungua mkebe wa samaki. Mkebe wenyewe ulikuwa umevimba kama mpira. Walipoutoboa, maji yaliruka, mmoja akakimbia nje, mwingine akatapika mbele ya kamera. Tulicheka hadi machozi. Tuliambizana kwamba Wazungu nao, pamoja na ndege zao zote na mashine zao zote, wanakula uozo.

Dakika chache baadaye, msichana mmoja aliyejiunga nasi mwezi wa saba, ambaye jamaa yake ilikimbia vita katika pande za Shabunda, alifungua bakuli lake la plastiki. Ndani mlikuwa na bugali na viwavi vilivyokaushwa, kisha vikapikwa kwa mafuta ya mawese na pilipili. Kicheko chetu kilikuwa bado hakijaisha; kiligeuka tu upande. Mtu aliuliza kama kwao hakuna soko. Mwingine alivuta kiti chake mbali. Msichana alifunika bakuli, akalirudisha katika mfuko wake, akatoka katika mvua. Jumamosi tatu zilizofuata hatukumwona.

Tulikuwepo. Baadhi yetu tulicheka, wengine tulinyamaza, na kunyamaza kwetu hakukumsaidia hata kidogo. Ndiyo sababu tumeona vema mwezi huu tuandike juu ya vyakula ambavyo watu huviita vya ajabu au vya kuchukiza. Tunataka kuonyesha kwamba kinyaa ni shahidi dhaifu sana juu ya chakula, na kwamba hakina haki yoyote ya kutoa hukumu juu ya mtu anayekila. Hatutasema kwamba kila kinacholiwa duniani ni chema. Tutafika huko. Lakini anayemcheka mwenzake kwa sababu ya sahani yake, mara nyingi hajui anacheka nini.

Turudi kwanza kwa mkebe ule. Samaki wale huitwa surströmming. Ni heringi wadogo wa Bahari ya Baltiki, na wanaowapenda zaidi ni watu wa kaskazini mwa Uswidi. Zamani chumvi ilikuwa ghali katika nchi ile, na jamaa nyingi hazikuweza kununua chumvi ya kutosha kuhifadhi samaki kwa majira ya baridi. Waligundua kwamba chumvi kidogo, ikiwekwa kwa kipimo chake, inamwacha samaki achachuke lakini haimwachi aoze. Samaki hukaa kwanza katika mapipa, kisha hutiwa mikebeni, na humo huendelea kuchachuka. Ndiyo maana mkebe huvimba. Wenyeji hawaufungui sebuleni. Huufungua nje, wengine ndani ya ndoo ya maji, humsafisha samaki na kumla juu ya mkate mwembamba pamoja na viazi na vitunguu. Kwa desturi msimu huanza Alhamisi ya tatu ya mwezi wa nane, na jamaa hukusanyika kwa furaha kama sisi tunavyokusanyika siku ya Noeli. Ni kweli kwamba harufu yake ni kali, na mwaka 2006 mashirika ya Air France na British Airways yalikataza mikebe hiyo ndani ya ndege kwa hofu kwamba ingepasuka. Lakini wale vijana wa video hawakufuata hata hatua moja ya desturi ile. Walifungua chumbani, wakanusa, wakatapika, na sisi tukadhani tumejifunza kitu kuhusu Uswidi. Ni kama mgeni aje kwetu, atafune jani bichi la muhogo, kisha atangaze ulimwenguni kwamba Wakongomani wanakula sumu.

Na kwa kweli tunakula sumu. Hapo ndipo tunapoomba mtusikilize kwa makini.

Katika kisiwa cha Isilandi, karibu na ncha ya kaskazini ya dunia, watu hula chakula kiitwacho hákarl. Ni nyama ya papa (tunasema papa wa baharini, wala hakuna sababu ya kutabasamu) anayeishi katika maji baridi ya Grinlandi. Papa huyo ni kiumbe cha ajabu: wataalamu waliochunguza macho yake walitangaza mwaka 2016 kwamba anaweza kuishi zaidi ya miaka 250. Nyama yake mbichi ina sumu. Anayeila huyumba kama mlevi, na akila nyingi huweza kufa. Watu wa Isilandi hawakuwa na miti ya kutosha kwa kuni, wala chumvi ya kutosha, wala mashamba yanayotoa mavuno mengi. Walikuwa na bahari, na ndani ya bahari mlikuwa na samaki mkubwa asiyelika. Basi walijifunza kumzika. Vipande vya nyama huwekwa katika shimo la changarawe, hufunikwa, hukandamizwa kwa mawe ili majimaji yenye sumu yatoke, na hukaa humo majuma sita hadi kumi na mawili. Baadaye hutundikwa katika kibanda kisicho na kuta nzima, ambamo upepo hupita kwa miezi kadhaa. Mwishoni hutolewa gamba la nje, na ndani yake nyama hukatwa vipande vidogo. Inanuka amonia, harufu ile ya choo kisichosafishwa, na wageni wengi hutema kipande cha kwanza. Wenyeji huila hasa katika sherehe za katikati ya majira ya baridi, wakiwakumbuka mababu walioishi kwayo.

Sasa tutazame bugali letu. Muhogo haukuzaliwa hapa. Ulitoka Amerika ya Kusini, nao Wareno waliuleta katika pwani za Kongo katika karne ya 16. Ndani ya muhogo, hasa ule mchungu, mna kitu ambacho kinapopondwa au kutafunwa hutoa sianidi, sumu inayoua. Wenyeji wa Amerika walikuwa wamekwisha kujua namna ya kuiondoa, na mama zetu wa Kongo walikuwa na hekima ya kutosha kujifunza na kuongeza ya kwao. Huloweka mizizi katika maji siku tatu au nne mpaka ilainike na kunuka, huianika juani, huitwanga, huichekecha. Na sombe? Sombe hupondwa katika kinu mpaka mkono uchoke, kisha huchemshwa kwa muda mrefu. Nani kati yetu amewahi kujiuliza kwa nini mama haharakishi sombe hata siku tunapolia njaa?

Penye haraka hiyo, watu hulemaa. Upande wa Kwango, katika magharibi ya nchi yetu, uko ugonjwa unaoitwa konzo. Jina hilo ni la lugha ya Wayaka, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Mganga mmoja wa Italia, Giovanni Trolli, aliuandika katika vitabu vya utabibu mwaka 1938, ingawa wenyeji waliujua kabla yake. Mtoto au mama analala akiwa mzima, anaamka miguu imekakamaa, na haitapona tena. Unatokea pale ambapo ukame, umaskini au vita huwalazimisha watu kula muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, bila samaki wala nyama wala maharagwe ya kusaidia mwili kupambana na sumu. Basi kila siku tunapokula bugali letu kwa amani, tunakula kazi ya siku tatu ya mtu aliyejua sumu na kuishinda. Mwanamke wa Kwango aliyeloweka muhogo wake na mvuvi wa Isilandi aliyezika papa wake wangeelewana vizuri sana, ingawa kila mmoja angeziba pua mbele ya chungu cha mwenzake. Na tukumbuke kwamba muhogo unaolowekwa nao hunuka. Sisi hatuisikii harufu hiyo tena, kwa sababu tumezaliwa ndani yake.

Mifano ya namna hii haina mwisho, nasi hatukusudii kuijaza kurasa. Katika kaskazini kabisa ya Grinlandi, watu huchukua ngozi ya sili, mnyama wa baharini mwenye mafuta mengi, huijaza mamia ya ndege wadogo wazima pamoja na manyoya yao, hutoa hewa, huishona, huifunika kwa mawe na kuiacha kwa miezi. Chakula hicho huitwa kiviak, nacho huliwa wakati wa baridi, hata katika harusi. Katika nchi ambayo jua halichomozi kabisa kwa miezi kadhaa, yule aliyeshona ngozi ile wakati wa kiangazi ndiye aliyeokoa watoto wake. Wachina hufunika mayai ya bata kwa udongo, majivu, chokaa na chumvi mpaka ute wake unakuwa mweusi kama kioo cha chupa. Wafilipino huchemsha yai la bata ambalo ndani yake kifaranga kimekwisha kuanza kuumbika, wakalila jioni barabarani kwa chumvi na siki, kama sisi tunavyonunua mahindi ya kuchoma. Waskoti huchanganya moyo, ini na mapafu ya kondoo pamoja na shayiri, wakavipika ndani ya tumbo la kondoo huyohuyo. Na mtu yeyote anayependa matumbo ya ng'ombe siku ya Dominika hana la kusema juu yao.

Na sisi wa Kivu tuna sambaza. Tunawapenda, tunawaimba, tunawauza mpaka Goma na Bukavu zote mbili zinanuka sambaza. Lakini jaribuni kumtazama sambaza kwa macho ya mgeni aliyefika jana kutoka nchi ambako samaki huuzwa bila kichwa. Anapewa sahani yenye viumbe mia mbili vilivyokaangwa vizima, na matumbo yao, na macho yao, vyote vikimtazama. Wazee wanaokumbuka wanajua pia kwamba samaki huyu hakuwa wa ziwa letu. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika karibu na mwaka 1959, wakati wa Wabelgiji. Chakula tunachokiita cha asili yetu kina umri mdogo kuliko babu zetu.

Kinyaa basi kinatoka wapi? Mtoto mchanga hana kinyaa. Huokota mdudu, udongo na kinyesi cha kuku, akavitia vyote kinywani, na ni mama yake anayepiga kelele. Kwa kelele hiyo, na kwa sura ya mama, mtoto hujifunza kipi ni chakula na kipi si chakula. Elimu hiyo ni njema na ya lazima, kwa maana inatulinda na magonjwa. Ubaya ni kwamba pamoja na kelele ya kweli juu ya kinyesi cha kuku, tunafundishwa pia kelele nyingine juu ya majirani: wale ni wala mbwa, wale ni wala panya, wale ni wala nyoka. Hakuna mkoa wa Kongo usio na matusi ya namna hiyo. Hatutayataja kwa majina ya makabila, kwa sababu ninyi nyote mnayajua, na kuyaandika ni kuyasambaza. Eneo letu la Maziwa Makubwa limekwisha kuona pia kilichotokea mwaka 1994, ng'ambo ya Ruzizi, baada ya watu kuitwa kwa jina la mende, redioni, mchana kweupe. Hatusemi kwamba kicheko cha ukumbini ni sawa na uovu ule. Tunasema kwamba vyote viwili hutumia kinyaa kilekile, na kwamba mtu aliyezoea kumtazama jirani yake kwa kinyaa hahitaji kusukumwa sana.

Iko pia kelele nyingine ambayo hatukufundishwa na mama zetu. Mwaka 1952 serikali ya Ubelgiji iliweka utaratibu wa kuwaandikisha Wakongomani wachache ili wahesabiwe sawa na Wazungu mbele ya sheria. Aliyeomba alitembelewa nyumbani na wakaguzi, nao walitazama vyumba, jikoni na vyombo vya mezani. Mtu mzima, mwenye elimu na mke na watoto, alikaguliwa sufuria zake ili ijulikane kama ni mstaarabu. Katika nyumba kama hizo viwavi na kumbikumbi vilianza kuliwa kwa siri, mlango umefungwa, kisha havikuliwa tena. Wajukuu walirithi kinyaa bila kuambiwa kimetoka wapi. Wengi wetu ni wajukuu hao.

Na hapa historia imetuchekesha kidogo. Mwaka 2013 shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, FAO, lilitoa ripoti ndefu juu ya wadudu wanaoliwa, likahesabu aina zaidi ya 1,900 duniani. Ripoti ilieleza kwamba wadudu wana protini na mafuta mazuri, na kwamba kuwafuga kunahitaji ardhi na majani machache kuliko ng'ombe. Mwaka 2021 Umoja wa Ulaya uliruhusu funza wa unga wauzwe kama chakula cha binadamu, wakiwa wamekaushwa. Kwa hiyo kile ambacho Kinshasa wanakiita mbinzo na Katanga wanakiita vinkubala, kile ambacho wanawake wa misituni wamekuwa wakikusanya na kukausha tangu zamani, sasa kina mitaalamu wake na leseni zake Ulaya. Tunafurahi. Lakini tutahuzunika sana siku kijana wa Bukavu atakapokubali kula kiwavi kwa sababu tu amekiona katika pakiti yenye maandishi ya Kifaransa, ilhali alimcheka binti wa Shabunda aliyekileta katika bakuli la plastiki.

Sasa tulisema hatutabariki kila kitu. Kuna vyakula tunavyovikataa, na ni lazima tuseme sababu yake, kwa maana "kinanichukiza" si sababu.

Wafaransa wa kusini walikuwa na desturi ya kumla ndege mdogo aitwaye ortolan. Alikamatwa, akafungiwa gizani na kunenepeshwa, kisha akazamishwa akiwa hai katika pombe kali, akaokwa, na kuliwa mzima pamoja na mifupa. Walaji walijifunika kichwa kwa kitambaa. Wengine husema ni kwa ajili ya kuzuia harufu nzuri isipotee. Wengine husema ni kwa ajili ya kujificha wasionekane na Mungu. Hatujui aliyeleta maelezo hayo ya pili, lakini alikuwa na dhamiri. Ufaransa ilimlinda ndege huyo kwa sheria mwaka 1999, maana alikuwa akipungua. Chakula hicho kilikuwa kitamu, hakikunuka, kililiwa mezani penye vitambaa vyeupe, na hakuna mtu wa Ulaya aliyekihesabu kuwa cha kuchukiza. Sisi tunaona kwamba kinastahili kukataliwa kuliko papa wa Isilandi mara mia.

Vivyo hivyo kwetu. Bonobo haishi mahali pengine popote duniani isipokuwa katika nchi yetu. Sokwe na gorila wa Kahuzi-Biega wanazidi kupungua. Anayekula nyama yao, hata kama babu yake aliila, anakula kitu kisichorudi. Tena wakati wa Ebola katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, kati ya 2018 na 2020, walikufa zaidi ya watu 2,200, nasi tuliagizwa tusiguse mnyama aliyeokotwa msituni akiwa amekufa. Mafundisho hayo hayakuwa dharau ya mila. Na liko lile jibini la Sardinia, katika Italia, liitwalo casu marzu, ambalo ndani yake huachwa funza hai wa nzi ili walilainishe. Wanaweza kuruka kimo cha kiganja wakisumbuliwa. Sheria za Ulaya zinakataza kuliuza kwa sababu ya afya, wachungaji wanaendelea kulitengeneza kwa ajili ya sherehe zao, na sisi, tukiwa mbali, tunaona kwamba pande zote mbili zina hoja.

Kuna pia mwenye haki ya kukataa. Baadhi ya koo zetu zina mwiko wa mnyama fulani. Ndugu zetu Waislamu na Waadventista hawali nguruwe. Wengine tumbo lao halikubali tu. Mtakatifu Paulo aliwaandikia Warumi juu ya jambo hilo, akawakataza wanaokula wasiwadharau wasiokula, na wasiokula wasiwahukumu wanaokula. Aliona hatari iko pande zote mbili. Kwa hiyo msije mkaanza sasa kuwalazimisha wenzenu kutafuna viwavi ili kuonyesha upendo. Kusema "asante, mimi sitakula hicho, lakini nitakaa hapa nawe" kunatosha kabisa.

Mnaijua habari ya Petro juu ya dari huko Yafa, katika Matendo ya Mitume, alipoona nguo kubwa ikishuka yenye wanyama wa kila namna, akaamriwa ale, naye akakataa. Tulizoea kuisoma kama habari ya vyakula. Lakini tazameni mpangilio wake. Maono yalipokwisha, Petro hakuletewa sahani. Waliletwa watu watatu mlangoni, wakimtafuta kwa ajili ya Kornelio, akida wa Kiroma. Aliwakaribisha walale. Baadaye alipofika Yerusalemu, ndugu walimlaumu, na lawama yao ilikuwa kwamba aliingia kwa watu wasiotahiriwa akala pamoja nao. Maandiko hayatuambii kile kilichokuwa mezani kwa Kornelio. Pengine hakuna aliyeuliza.

Baada ya Jumamosi ile ya tatu, watatu kati yetu tulikwenda kumtafuta yule msichana. Wanakaa katika chumba kimoja, upande wa Kadutu, kwa jamaa waliowapokea. Mama yake alitukaribisha, akatupa viti, yeye mwenyewe akakaa juu ya ndoo. Tulikuwa tumetayarisha maneno ya kuomba radhi, na tuliyasema vibaya. Msichana alisikiliza akiangalia chini. Ndipo mama alipotueleza jambo ambalo hatukulijua. Viwavi vile vilikuwa vimetumwa na nyanya aliyebaki kijijini, katika mfuko mdogo, kwa mkono wa mtu, kisha kwa ndege, kwa maana njia ya Shabunda kila mtu anaijua. Mfuko ulifika baada ya majuma matano. Mama aliutunza kwa ajili ya sikukuu. Lakini binti yake alimwomba avipike siku ile, kwa sababu alikuwa amekaa nasi miezi mitatu, akila vitumbua vyetu na sambaza wetu, na alitaka naye awe na kitu cha kutugawia.

Tulikuwa tumemwona akifungua bakuli. Hatukuwa tumeona kwamba lilikuwa kubwa kupita chakula cha mtu mmoja, wala kwamba ndani ya mfuko mlikuwa na vijiko sita.

Mama aliingia nyuma ya pazia, akarudi na kilichobaki: kiganja kimoja, labda na nusu. "Watoto wangu," alisema, "msile kwa kunionea huruma. Kama hamtaki, semeni." Wawili wetu tulikula. Wa tatu aliomba apewe maji tu, na mama alicheka kwa mara ya kwanza, akampa. Ladha, kama mnataka kujua, inakaribia ile ya samaki wa kukaushwa na karanga, na miguu midogo inakwaruza kidogo ulimini.

Tumemwomba msichana asimamie jiko siku ya somo wa parokia, pamoja na mama yake, na tumeahidi kuchanga pesa ili nyanya atume mfuko mwingine, mkubwa. Amesema atafikiri. Hadi tunapoandika haya bado hajatujibu.